Jani la Isale

Agosti, Moshi. Wingu limeukalia mlima kama mtu aliyenuna.
Barazani kwa Mansukhlal
cherehani yangu inaanza kabla jogoo wa Kiusa hawajamaliza.
Yeye yuko juu, ghorofani, siku ya sita
bila chembe kinywani.
Maji tu, yaliyochemshwa yakapoa,
na hata hayo, jua likishazama, hayagusi.

Desturi zao nazijua kama nijuavyo kipimo cha kola:
wiki hii jikoni hakuna kitunguu wala kiazi,
hakuna cha kung'olewa na mizizi yake,
maana ukikichimba unawachimba na wakazi wake.
Mkewe, Bi Taraben, huwamwagia sisimizi unga
pembeni mwa ngazi,
na Ndeanasia hufagia pale kama anayebisha hodi.
Nilikuwa nacheka. Nilikuwa nasema:
mtu anayemhurumia sisimizi,
mimi aliniona nini, mwaka ule?

Mwaka ule: jora la tetroni, rangi ya majivu.
Lilipotea. Akaninyooshea kidole mbele ya wateja.
Nililala kituoni siku mbili, saruji tupu,
mama akateremka kutoka Uru na ndizi
ambazo askari walizila.
Jora likaonekana Desemba, nyuma ya kabati,
panya wamelitoboa.
Hakuna aliyesema neno.
Nikarudi barazani; ada za watoto hazikuwa na kinyongo.
Miaka kumi na tisa tumesalimiana
kama watu wanaopokezana sufuria ya moto.

Na kila mwaka siku zao zikitimia hupita dukani,
viganja vimefumbatana, Michhami Dukkadam,
kwa muuza karanga, kwa mlinzi, kwangu,
na kipande cha barfi kwenye karatasi.
Nilidhani ni heri ya mwaka mpya.
Nilikula barfi.

Jana, siku ya tisa, alifungua kwa maji ya choroko
akashuka ngazi peke yake, mkono ukutani.
Shati nililomshonea Machi
linaning'inia kama la kaka yake mkubwa.
Hakufumbata viganja. Kwanza aliketi
kwenye stuli ya wateja, chini kuliko mimi.
Akasema, Ndesario, lile jora.
Akasema, nilijua tangu Desemba.
Akasema, kila mwaka nilikuomba kwa jumla,
kama mdaiwa anayerusha sarafu hewani sokoni
akasema amelipa.
Kisha maneno yale yale, ila safari hii akayafasiri:
ubaya wangu uwe mbegu iliyokauka,
usiote kwako, usiote kwangu.

Sikujibu. Mguu ulibaki kwenye pedeli.
Maana na mimi nina vipande vyangu:
mita moja huku, nusu kule,
nikisema kitambaa kimesinyaa kwa maji.
Sketi zote za shule za binti yangu
zimetoka kwenye mkasi huo.
Nilikuwa naita fidia.
Halafu fidia ikaisha, mkasi ukaendelea.

Usiku nikapanda Uru. Mpakani mwa shamba la marehemu baba
isale limesimama, lile lile
ambalo kwetu ukiletewa jani lake huwezi kukataa,
hata kama mleta ana damu ya ng'ombe wako mikononi.
Nikashika jani moja. Kisu kikasita.
Nikaliomba radhi. Jani!
Mzee mzima, gizani, na tochi mdomoni.

Asubuhi hii liko juu ya meza ya kukatia.
Yeye bado hajashuka.
Sijui nitaanza na mita ipi.
Sisimizi wameshaligundua, wanapita juu yake mmoja mmoja
kuelekea kwenye unga wa Bi Taraben,
na mteja wa suruali ananiuliza mbona cherehani iko kimya.
Namwambia, subiri kidogo,
kuna watu wanavuka.